Dar bila kupotea: daladala, mwendokasi, bajaji na teksi kwa anayeingia jijini

Kila mwaka nampokea ndugu mmoja au wawili kutoka mkoani, na kabla hata basi halijafika Kibaha swali huwa lile lile: "Kutoka stendi ya Mbezi mpaka kwako ni kilomita ngapi?" Huwa sijibu. Namuuliza basi lake linaingia saa ngapi. Njia unayoipita kwa nusu saa Jumapili asubuhi, Jumatatu saa moja inaweza kukula saa mbili pamoja na shati ulilopiga pasi. Ukishajua saa, ndipo unachagua upande nini, upandie wapi, na mara nyingine kama utoke kabisa au unywe chai kwanza.

Haya ndiyo ninayowaambia, kwa mpangilio ninaowaambia.

Kwanza ujue jiji limekaaje

Nyoosha mkono, utandaze vidole. Kiganja ni Posta, Kivukoni, Mnazi Mmoja na Kariakoo. Vidole vinne ni barabara kuu nne zinazotoka mjini. Ya kwanza inaelekea kaskazini: Ali Hassan Mwinyi, ambayo mbele huitwa Bagamoyo, inapita Morocco na Mwenge hadi Tegeta na Bunju. Ya pili ni Morogoro, inayopita Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara na Mbezi. Ya tatu ni Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Inapita Tazara na uwanja wa ndege hadi Gongo la Mboto. Ya nne ni Kilwa, inayokwenda Mtoni, Mbagala na Kongowe. Kidole gumba kimekaa ng'ambo ya maji, nacho ni Kigamboni.

Sasa funga uzi unaovikata vidole hivyo kwa katikati. Uzi huo unaanzia Mwenge kwa jina la Sam Nujoma, ukifika Ubungo unabadilika kuwa Mandela, unapita Buguruni, Tazara na Uhasibu, unaishia pande za bandari. Ndani zaidi kuna uzi mwingine mfupi, Kawawa, kutoka Morocco kupitia Magomeni hadi Ilala na kuendelea. Mwenge, Ubungo, Tazara na Uhasibu ndiko uzi unakokutana na vidole, na huko, pamoja na Buguruni, ndiko watu wanakobadilishia magari. Yakariri majina hayo matano hata kama mengine yote yatakutoka.

Faida yake ni hii. Mgeni wa Tegeta anayetaka kwenda Mbagala hudhani lazima aingie Kariakoo ndipo atoke tena. Hana haja. Akifika Mwenge anatafuta gari za kuelekea Mbagala zinazopita Ubungo na kushuka na Mandela. Zile za kati ya stendi ya Simu 2000 na Mbagala Rangi Tatu ni maarufu. Ubaya wa Mandela ni malori ya bandarini. Likiharibika moja katikati ya njia, uzi wote unakatika, na hapo hata konda anashuka kununua karanga.

Jina la kituo ndiyo anwani yako

Namba za nyumba na majina ya mitaa yapo, yamewekwa kwenye vibao, lakini jaribu kumwambia konda "nishushe mtaa fulani namba kumi na nne" uone atakavyokutazama. Dar tunaelekezana kwa kituo, na vituo vina majina ya vitu: Relini, Dampo, Sheli, Mataa, Maziwa, Makumbusho, Sayansi. Vingine vina majina ya vitu ambavyo havipo tena. Ubungo bado ni Mataa, ingawa tangu 2021 pale juu kuna barabara za juu za Kijazi na mataa yenyewe mgeni anaweza asiyaone. Tabata Dampo hapatupwi taka.

Mimi mwenyewe nilipofika niliambiwa "shuka Sheli, utaniona." Nikashuka kwenye sheli ya kwanza niliyoiona dirishani, nikasimama na begi langu saa nzima. Mwenyeji wangu alikuwa Buguruni Sheli, mimi niko vituo vitano nyuma, na wakati ule sikuwa na salio la kumpigia. Tangu siku hiyo namwambia kila mgeni amuulize mwenyeji wake mambo matatu na ayaandike kwenye simu: gari inaandikwaje mbele, kituo cha kushuka kinaitwaje kwa jina lake kamili, na kituo kinachotangulia kinaitwaje. Hilo la tatu ndilo watu wanalisahau. Ukisikia konda anatangaza kituo kinachotangulia, unainuka na kuanza kupenya kuelekea mlangoni. Ukisubiri utajiwe chako, gari ikiwa imejaa, utashukia kinachofuata.

Ramani ya simu inasaidia kujua unaelekea upande gani, lakini majina ya vituo mengi haiyajui, au inayaweka mahali ambapo hakuna mtu anayeyaita hivyo. Muulize muuza maji, mama lishe, au kijana wa bodaboda. Salimia kwanza: "Shikamoo mama," "Habari za kazi kaka," ndipo uulize. Anayeulizwa bila salamu hujibu kwa kidevu.

Kupanda daladala

Jina lenyewe lina umri. Serikali iliporuhusu watu binafsi kubeba abiria mwaka 1983, nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa dala. Nauli imepanda, jina limebaki. Desemba 2023 LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, ilipandisha nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 kutoka 500 hadi 600. Safari ndefu zaidi inaongezeka kidogo kidogo, na mwanafunzi aliyevaa sare ana nauli yake ya chini. Bei halali hutakiwa kubandikwa ndani ya gari; ikiwa imepanda tangu wakati huo, utaiona hapo au utaisikia kwa jirani yako.

Hatua ya kwanza ni kusoma gari. Mbele, juu ya kioo, kumeandikwa inakotoka na inakokwenda, na kwa kuwa nafasi ni ndogo maneno yanakatwa: K/KOO ni Kariakoo, G/MBOTO ni Gongo la Mboto, R/TATU ni Rangi Tatu ya Mbagala, T/NYUKI ni Tegeta Nyuki. Ubavuni kuna mstari wa rangi ya ruti. Maandishi hayakuambii gari inaelekea upande gani kwa sasa, kwa hiyo lazima usimame upande sahihi wa barabara, na zaidi umsikilize konda. Anayeita "Mwenge, Mwenge, Mwenge!" anakwenda Mwenge hata kama mbele pameandikwa Posta kwanza.

Kabla hujaweka mguu, muulize: "Inafika mwisho?" Jioni, foleni ikizidi, baadhi ya gari hukatisha ruti: inashusha watu wote Ubungo na kugeuza kurudi, na wewe unalipa nauli ya pili. Kukatisha ruti ni kosa kisheria. Kulijua kosa hakukufikishi Kimara, kwa hiyo uliza mapema na lipa kwa kuchelewa.

Pili, kuingia. Saa tulivu hakuna shida, unapanda kama mtu na heshima zake. Saa kumi na moja jioni Kariakoo au Mbagala ni kugombania: gari haijasimama, watu wameshaning'inia mlangoni, vijana wanapitia dirishani, na kuna anayerusha kitambaa kwenye kiti kama alama ya umiliki. Kama una mtoto, mzigo, au mguu unauma, usijaribu. Fanya wanavyofanya wenyeji wenye akili: geuza nayo. Yaani unatembea nyuma kituo kimoja au viwili, unaipanda gari ikiwa bado inaelekea mwisho wa ruti, tupu, unakaa kiti unachokitaka, inafika mwisho, inageuza, na wewe unawatazama wanaogombania ukiwa umekaa dirishani. Konda atadai nauli mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Lipa. Hakuna pesa iliyotumika vizuri zaidi katika jiji hili.

Tatu, ukishaingia. Ukikosa kiti unashika bomba, na konda atakuambia "sogea nyuma, nyuma kweupe" hata kama nyuma pamejaa mpaka watu wanapumua kwa zamu. Begi liweke kifuani. Aliyekaa karibu nawe anaweza kukupokea mzigo akaupakata. Ni desturi, hasa kwa kina mama, na si wizi. Simu usiipokee ukiwa umekaa dirishani gari ikiwa imesimama kwenye foleni. Mkono unaingia kutoka nje, unachukua, na mwenye mkono ameshavuka barabara kabla hujamaliza kusema "halo".

Nne, nauli. Konda haji na tiketi. Anachezesha sarafu mkononi, kacha kacha kacha, na hiyo ndiyo lugha yake ya kusema lipa. Uwe na hela ndogo. Ukitoa msimbazi, yaani elfu kumi, asubuhi na mapema, umemwudhi yeye na gari zima. Na usishangae akikupa noti moja na kukuambia, "Wewe na huyu dada, gawaneni." Ameona kila mmoja anadai jero, yaani mia tano, hana chenji, amewafungisha ndoa ya buku moja, yaani elfu moja. Hapo mtafute huyo dada kabla hajashuka. Mimi nimewahi kushuka Magomeni, kituo kisicho changu, nikimfuata mtu kwa mia tano. Nikamwambia, "Samahani anko, tuna chenji yetu." Tulikwenda kununua maji mawili ya baridi, hesabu ikaisha.

Tano, kushuka. Sema kwa sauti, mapema: "Kituoni shusha!" au "Kuna mtu anashuka!" Sauti ya upole haivuki muziki. Konda atagonga bati, gari itapunguza mwendo. Ngoja isimame, angalia nyuma kabla ya kukanyaga chini, maana bodaboda hupita hapo hapo kati ya mlango na ukingo wa barabara.

Mwendokasi

Mabasi yaendayo haraka yalianza Mei 2016 kwa awamu ya kwanza ya karibu kilomita 21: Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani, Kariakoo, na Morocco kupitia Magomeni. Yana njia yake katikati ya barabara, na hapo ndipo utamu wake ulipo: foleni ya Morogoro unaitazama kama sinema. Barabara ya Kilwa nayo ilijengewa njia hadi Mbagala, ikaanza kupitisha mabasi Oktoba 2025.

Unaingia kituoni kwa geti, baada ya kulipia. Soma kibao cha mbele cha basi, kwa sababu mabasi ya njia tofauti husimama kituo kimoja. La Morocco na la Kivukoni yote yanapita Magomeni. Kuna yanayosimama kila kituo na kuna ya moja kwa moja yanayoruka vituo. Mgeni akipanda la moja kwa moja huviona vituo vyake vikipita kimoja baada ya kingine, na humo hakuna konda wa kugonga bati.

Lakini sitakudanganya kwamba ni raha wakati wote. Mabasi yamekuwa machache kuliko watu kwa miaka, na asubuhi pale Kimara mstari unaweza kuwa mrefu kuliko safari. Vurugu za Oktoba 2025 ziliharibu vituo na huduma ikasimama. Na mvua kubwa ikinyesha, bonde la Msimbazi pale Jangwani hujaa maji, barabara inafungwa, na mwendokasi unakwama pamoja na kila kitu kingine. Kwa hiyo kabla ya kuutegemea kwa safari ya ndege au ya treni, muulize mwenyeji siku hiyo hiyo: mabasi yanapita? yanasimama wapi? Jibu la mwezi uliopita usilitumie.

Bajaji na bodaboda

Hizi ni za kipande cha mwisho, kutoka kituoni hadi mlangoni. Ukizitumia safari nzima utalia kwa bei, na kwa bodaboda unaweza kulia kwa mengine.

Bajaji zina namna mbili. Kuna ya kuchangia, inayokaa kijiweni ikijaza watu watatu nyuma, na pengine mmoja amejibana mbele na dereva, kila mmoja analipa kichwa chake kwa bei inayojulikana. Na kuna ya kukodi, yako peke yako, ya kupatana. Kosa la mgeni ni kuingia ya kuchangia na kusema "nipeleke mpaka kwenye geti." Hapo umeikodi bila kujua. Sema wazi: "Naingia ya kuchangia," uketi, unyamaze. Ukitaka ya kukodi, patana kabla ya kukaa. Anza kwa kumwuliza bei mtu asiye dereva, muuza vocha pale jirani kwa mfano; atakuambia "hapo buku mbili," na wewe unakwenda kwa dereva ukijua kwamba elfu tano anayosema ni salamu tu.

Bodaboda ndiyo inayoshinda foleni, na ndiyo inayojaza wodi za mifupa. Masharti yangu ni manne na siyapunguzi. Kofia iwepo na ifungwe. Mshikaki hapana: abiria ni mmoja, hata kama rafiki yako anakuambia ni karibu. Dereva awe wa kijiweni, mwenye kijiwe chake na wenzake wanaomjua. Na mkataba wa mwendo unafanywa kabla: "Kaka, mimi sina haraka." Akijibu "usijali" huku anacheka, mtafute mwingine.

Teksi

Teksi za kijiweni zimepungua lakini zipo: uwanja wa ndege, mahotelini, hospitali kubwa, stendi. Gari ya biashara ina namba nyeupe. Ya mtu binafsi ina namba ya njano. Anayekuita pembeni akupeleke kwa gari ya njano ni teksi bubu, na likitokea la kutokea hutakuwa na wa kumlalamikia. Bei ya teksi ya kijiweni ni ya maneno, kwa hiyo maneno yakamilike kabla mlango haujafungwa: bei yote, ya watu wote na mizigo yote. Tamka "yote" mara mbili.

Teksi za programu, kama Bolt na inDrive, zimewaondolea wageni adha ya kupatana, ila zina mazungumzo yake. Umeita gari, dereva anapiga: "Uko wapi? Unaelekea wapi? Kwako inasoma shilingi ngapi?" Mgeni hudhani anaibiwa siri. Dereva anapiga hesabu ya mafuta, foleni na kamisheni inayokatwa na kampuni. Hapa mvutano wa kamisheni uliwahi kuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2022 LATRA iliweka ukomo wake, mojawapo ya kampuni ikasitisha huduma kwa miezi. Mjibu kwa adabu. Akikuomba ufute safari mwende "nje ya programu", kataa, hasa usiku: ukifuta, hakuna kumbukumbu tena kwamba ulikuwa ndani ya gari hiyo. Akisema anataka nyongeza, una hiari: ongeza, au ita nyingine.

Gari ikifika, soma namba kabla ya kufungua mlango. Iliyoandikwa kwenye simu na iliyo kwenye bati lazima zilingane herufi kwa herufi, si "rangi ndiyo hiyo hiyo". Halafu ngoja yeye akutajie jina lako. Ukimwuliza "wewe ndiye unanichukua mimi fulani?" mtu yeyote anaweza kusema ndiyo. Na lenga mahali pa kuchukuliwa kwa kituo: sukuma alama kwenye ramani hadi kituo cha daladala au sheli iliyo karibu, kisha mwambie jina lake. Utaokoa dakika kumi za "niko hapa kwenye mti."

Uwanja wa ndege uko barabara ya Nyerere, na daladala za Gongo la Mboto zinapita nje yake. Ukiwa na begi moja na ni saa sita mchana, unatembea hadi barabarani na kupanda kama mwenyeji. Ukiwa na masanduku, au ni usiku, chukua teksi. Anayeondoka aangalie tiketi imeandikwa jengo namba ngapi. Jengo la tatu, lililofunguliwa 2019, haliko mlango mmoja na la pili. Ni umbali wa kutoa jasho.

Pantoni na Kigamboni

Kutoka mjini, Kigamboni unafika kwa njia mbili kuu. Moja ni Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016 kutoka Kurasini. Magari yanalipia kupita na kuna daladala zinazolivuka. Nyingine ni pantoni ya Magogoni, pale Feri jirani na soko la samaki, na kwa mtembea kwa miguu imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi. Unalipa kwa kadi ya N-Card getini. Kama huna, kuna vijana watakugusishia yao nawe uwape sarafu.

Safari yenyewe ni dakika chache, ina upepo, na kwangu ndiyo safari nzuri kuliko zote jijini. Kungoja ndiko kwenye kazi. Milango ikifunguliwa watu wanatiririka pamoja na baiskeli, mikokoteni na vikapu vya samaki. Kaa pembeni mwa mkondo, magari yashuke kwanza. Na pantoni ikiwa matengenezo, mstari unaongezeka maradufu. Hapo kama una miadi, zunguka darajani bila kujishauri sana.

Saa zenyewe

Kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi jiji lote linaingia mjini. Kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku linatoka. Anayekwenda kinyume cha mkondo hukaa kiti. Ijumaa jioni ongeza saa moja. Mvua ya masika ongeza uvumilivu. Jumapili asubuhi Dar ni kijiji.

Kuna jambo dogo la mataa: usipange muda wako kwa taa za barabarani. Asubuhi na jioni trafiki huongoza magari kwa mkono wake, taa ziwake zisiwake. Anaweza kuuachia upande mmoja dakika kumi na tano huku ninyi mkitazama taa ya kijani isiyo na maana. Bodaboda pekee ndizo hupita hapo, na hata zenyewe zinamwangalia usoni kwanza.

Mfano mmoja kamili: Mbezi hadi Muhimbili

Nimeuchagua huu kwa sababu ndio unaowaumiza watu. Mama mdogo anakuja na mgonjwa, basi limeingia Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis alfajiri, na ana barua ya rufaa.

Kabla ya lolote, mwambie aisome barua. Muhimbili ziko mbili. Moja iko Upanga, karibu na mjini, pamoja na Taasisi ya Mifupa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Nyingine ni Mloganzila, ambayo iko nje ya mji, upande wa kurudi Kibaha. Kutoka Mbezi ziko pande mbili zinazopeana mgongo. Nimeona familia imevuka jiji zima kwa foleni ya asubuhi, imefika Upanga saa nne, na kuambiwa kliniki yao iko kule walikotoka. Na kama barua inasema Ocean Road, hiyo ni taasisi ya saratani, iko ufukweni mjini kabisa. Ni safari nyingine.

Tuseme ni Upanga. Ndani ya stendi watakuja vijana: "Mama teksi? Unaenda wapi mama? Lete begi." Begi asimpe mtu. Atembee hadi zinapopakia daladala za mjini. Kama ni kabla ya saa 12 asubuhi, daladala ya Kariakoo inayonyoosha na barabara ya Morogoro inatosha, na mgonjwa atapata kiti. Kituo cha kushuka ni Fire, pale lilipo jengo la zimamoto. Kinachotangulia ukitokea Magomeni ni Jangwani. Akisikia "Jangwani" tu, waanze kujikusanya. Akiambiwa gari haifiki Fire, ashuke Magomeni na kuchukua bajaji ya kukodi. Kutoka Fire hadi hospitali si mbali, lakini kuna kapandisho na jua, na mgonjwa ni mgonjwa: bajaji mpaka getini.

Kama basi limeingia saa moja asubuhi, mpango unabadilika. Kwa mgonjwa anayeweza kukaa, aulize mwendokasi kama upo na mstari uko vipi. Asiyeweza kukaa, hiyo ndiyo siku ya kulipia teksi, bila kuona uchungu, na dereva aambiwe "geti la wagonjwa wa nje" au jina la taasisi yenyewe, maana mageti ni mengi na kuzunguka kutoka moja hadi jingine kwa miguu ni adhabu.

Kurudi jioni, asisimame Fire akingoja gari ya Mbezi. Pale zinafika zimeshajaa tangu Kariakoo. Achukue bajaji ya kwenda Kariakoo kwanza, apande gari inakoanzia, akae. Na kama hata pale ni kugombania, anajua la kufanya: arudi nyuma kituo kimoja, ageuze nayo.